Huzaifa na Msikiti Usio na Misumari

Huzaifa Mbusa aliporudi Bwera kutoka Uturuki, sisi jirani zake tulikwenda kumpokea tukitarajia mizigo. Alikuwa amekaa huko miaka minne. Wengine waliokwenda nchi za nje walirudi na televisheni, mazulia na viatu vya watoto wa ukoo mzima. Yeye aliteremka kwenye teksi ya kutoka Kasese akiwa na begi la mgongoni na kisanduku chembamba kilichofungwa kwa kamba. Mkewe, Bushira, alikifungua mbele yetu kwa sababu watu walikuwa wamekaa wakingoja. Ndani mlikuwa na patasi kumi na moja, kila moja imeviringishwa kwa kitambaa chake, na randa ndogo ya mti iliyochakaa mpini.

Bushira alizitazama kidogo, akafunga kisanduku, akauliza kama tumeshakunywa chai.

Mimi nauza vitenge Mpondwe, mpakani na Congo, na ua wangu na wao umetengwa na mstari wa migomba tu. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine Huzaifa aliniambia mwenyewe, taratibu, maana si mtu wa kusema mengi kwa siku moja.

Kabla ya kuondoka alikuwa fundi wa vitanda na makreti ya nyanya. Ajenti mmoja alimwahidi kazi katika kiwanda cha samani huko Uturuki, na kwa bahati yake ajenti huyo hakusema uongo. Kazi ilikuwepo. Kwa miaka mitatu Huzaifa alisimama mahali pamoja akipiga pini kwenye fremu za makochi, na muda wote huo hakushika patasi hata siku moja. Kiwanda kilipofungwa, mwenzake wa kazini alimwonea huruma akampeleka kwao, kijiji cha milimani karibu na Bahari Nyeusi, ambako mjomba wake mzee alikuwa akitengeneza msikiti wa kijiji na alihitaji mtu mwenye mabega.

Mzee huyo aliitwa Rasim. Kule fundi huitwa usta. Huzaifa alipopiga simu nyumbani akasema sasa anaishi kwa Usta Rasim, habari ikaenea huku kwetu kwamba amepata ustadhi na anasoma dini. Mama yake, aliyekuwa bado hai, alifurahi mno, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumsahihisha.

Msikiti wenyewe ulimshangaza. Ulikuwa wa magogo matupu, mazito, yaliyochongwa bapa na kulazwa moja juu ya jingine, na kwenye pembe yalipandana kama mtu aliyepishanisha vidole vya mikono miwili. Hapakuwa na msumari. Haukugusa ardhi popote. Ulikaa juu ya mawe makubwa, na paka walipita chini yake. Ndani ulipakwa maua mekundu na ya kijani ambayo rangi yake ilikuwa imefifia, na nyuma kulikuwa na roshani ya mbao ambako wanawake walipanda kusali. Wakati wa baridi theluji, ile ambayo Huzaifa alizoea kuiona kwa mbali tu juu ya Rwenzori, ilifika hadi madirishani. Vikongwe wa kijiji walimfumia soksi za sufu. Vijana walikuwa wamehamia mijini, kwa hiyo wakati mwingine safu nzima ya wanaume ilikuwa yeye, Rasim na imamu.

Siku moja walifungua pembe iliyooza. Rasim alimwita aje karibu, akamwonyesha mwisho wa kila gogo: mkato mmoja, mikato miwili, mitatu. Ni hesabu ya fundi wa zamani, ili jengo likivunjwa lijulikane namna ya kulirudisha. Zamani, mzee alieleza, mlima ukiporomoka au kijiji kikihama, watu waliufungua msikiti wao, wakaufunga kwenye mikokoteni ya maksai, wakausimamisha kwingine.

"Aliyejenga hapa hakujifikiria yeye," Rasim alimwambia. "Alimfikiria mtu atakayekuja kufungua."

Huzaifa alikaa naye miezi kumi na moja. Karatasi zake za ukaazi zilipokwisha hazikuongezwa, na Rasim, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, akampa zile patasi. Alipofika nyumbani mama yake alikuwa ameshazikwa wiki mbili.

Kijiji chetu kinaitwa Kinyabwe, kipo mlimani juu ya barabara ya Bwera. Msikiti wetu wa wakati huo ulikuwa wa udongo na matete. Mvua za Aprili ziliuangusha ukuta mmoja, na Aprili iliyofuata wa pili. Tulikuwa na ahadi ya mfadhili wa nje. Wajumbe wake walikuja mara mbili wakapima uwanja kwa futi, wakapiga picha, wakaondoka. Tuliendelea kungoja. Wanaume walisali chini ya mabati yaliyobaki, wanawake nyuma ya turubai, na mvua ikipiga upande wao walirudi nyumbani.

Huzaifa alipokwenda mbele ya kamati ya msikiti kusema anaweza kujenga msikiti wa mbao, mwenyekiti wetu, Hajji Muhamood, alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akasema hapana. Hajji ni mtu wa lori. Kwa miaka thelathini amepeleka kahawa Kampala, na anajua vitu vinavyoharibika.

"Kijana wangu, mbao iko ya kibanda ya soko," alisema. "Huko kwao iko baridi. Hapa tuko na mchwa. Mwaka mbili, tutakuwa tunasali ndani ya unga."

Huzaifa hakubishana, kwa sababu Hajji alikuwa amesema kweli. Alichofanya ni kuchukua vipande vitatu vya mti, cha mkaratusi, cha msonobari na cha mvule, akavichomeka kwenye kichuguu nyuma ya shamba lake na kuviacha msimu mzima wa mvua. Bushira alimwambia kwamba wake wengine hutazama waume zao wakilima. Msimu ulipokwisha alivitoa akavipeleka kwa Hajji. Mkaratusi ulikuwa umebaki ganda. Msonobari haukuonekana hata kidogo. Mvule ulikuwa na matope ya mchwa juu yake, lakini Huzaifa alipoyafuta kwa kiganja, chini mti ulikuwa mzima.

Alieleza pia habari ya mawe. Nyumba ikiinuliwa, mchwa hana budi kujenga njia yake ya udongo juu ya jiwe, mahali pa wazi, na mtu mwenye ufagio anaiona na kuivunja.

Hajji alikigeuzageuza kile kipande cha mvule kwa muda mrefu. Aliyeamua jambo hata hivyo hakuwa yeye. Alikuwa Bushira, aliyekuja na wanawake kumi na wanne wakakaa uani kwa Hajji, wakasema kwa adabu kwamba mfadhili anaweza kungojwa na wanaume, wao wamechoka kungoja mvuani. Walitaka roshani kama ile ya kule Uturuki. Wakipewa roshani, wao watachangia chakula cha mafundi mpaka kazi iishe. Walikitimiza walichosema.

Mbao zilitoka Congo kupitia Mpondwe. Wafanyabiashara Waislamu wa pale walitoa mapande mafupi ambayo wateja wa mjini huyakataa, na kwa ujenzi wa pembe za kupandana mapande mafupi hayana kasoro. Wa kupasua alikuwa Zedekia, fundi Msabato wa kijiji cha jirani, mwenye mashine ya kupasulia magogo na maneno machache kuliko Huzaifa. Zedekia hakufanya kazi Jumamosi, Huzaifa aliacha Ijumaa adhuhuri, na wiki yao ikawa na shimo katikati ambalo Hajji Muhamood alilalamikia kila alipopita. Ilichukua miezi tisa.

Ukakamilika msikiti mdogo wa watu hamsini hivi. Paa lilikuwa la mabati, kwa kuwa hapo kamati haikukubali mchezo. Lakini kuta zilikuwa magogo ya mvule yaliyopandana, na kwenye pembe watu walisimama wakiingiza kucha kutafuta mwanya. Wengine walisema unafanana na ghala la kahawa. Hajji aliuita boksi, na aliendelea kuuita hivyo hata alipozoea kuwahi safu ya mbele. Wanawake walipanda roshani yao Ijumaa ya kwanza, na Bushira alikaa pale juu muda mrefu baada ya swala, mikono magotini, akitazama chini.

Tulisali humo miaka miwili na nusu kwa amani. Kisha Benon akarudi.

Kiwanja cha msikiti tulipewa na baba yake Benon, mzee Mkristo aliyependa majirani, na alitupatia kwa mdomo. Hakuna karatasi. Mzee alikufa, na mwanawe Benon alikuwa mbali, kibarua kwenye machimbo upande wa Hima. Alipopunguzwa kazini alirudi na mkewe Kellen na watoto sita, akakuta shamba la baba limegawanywa na wajomba, na sehemu iliyobaki ya kwake ni ile iliyokuwa na msikiti wetu juu yake.

Mkutano ulifanyika mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Baadhi ya watu wetu walikuja na hasira. Hajji Muhamood alitaka twende mahakamani Kasese. Benon alisimama akiwa ameshika kofia, na alisema akitazama chini.

"Mimi sina ubaya na nyinyi. Baba alipenda nyinyi. Lakini niko na watoto sita, na tunalala jikoni ya mtu. Mniambie nyinyi, mimi niende wapi?"

Huzaifa, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, aliinuka akasema kwamba msikiti unaweza kuhama. Watu hawakuelewa. Akarudia: unaweza kufunguliwa, gogo kwa gogo, ukabebwa, ukasimamishwa mahali pengine kama ulivyo. Magogo yake yote yana alama za mikato miishoni. Aliziweka wakati wa kujenga.

Hajji alimwuliza kama alijua tangu mwanzo kwamba tutafukuzwa. Huzaifa akasema hapana, alifundishwa hivyo tu.

Hajati Jamidah, mjane anayeuza maharage sokoni Bwera, alitoa kiwanja juu zaidi mlimani, na safari hii iliandikwa karatasi, mashahidi wanne, dole gumba lake likiwa katikati ya ukurasa. Shida ilikuwa njia. Gari halifiki pale. Ni kijia cha miguu kinachopanda kwa kona, na kijito cha kuvuka.

Tulianza Jumatatu. Mabati yaliondoka asubuhi hiyo, roshani mchana. Huzaifa alikuwa juu ya kuta, akigonga pembe kwa nyundo ya mti, na magogo yalitoka moja moja yakitoa sauti ya kifuniko cha sanduku. Watu wanne hadi sita walibeba kila gogo. Mimi nilibeba, na bega langu halijasahau. Zedekia alikuja na watu wa kanisa lake. Siku ya pili Benon naye alikuja, hakusalimia sana, akaingia chini ya gogo la kwanza alilolikuta. Kellen alisonga ugali pamoja na wanawake wetu. Wale waliokuja mkutanoni na hasira walijikuta wakimwambia Benon angalia mguu, hapo kuna utelezi.

Jumatano, kabla ya adhuhuri, tulifika kwenye magogo ya chini kabisa, yale yanayokaa juu ya mawe. La mashariki lilitoka. La kusini likatoka. La kaskazini, upande wa kichaka, tulipolikamata kuliinua lilivunjika katikati kama mkate mkavu. Ndani lilikuwa tupu. Mchwa walimwagika miguuni petu, weupe, wengi.

Nilimtazama Huzaifa. Rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika, lakini haikuwa sura ya mtu aliyeshangaa. Zedekia alikuwa ameshageuka akitazama bondeni.

Hajji Muhamood aliinama taratibu, akaokota kipande, akakisugua kwa kidole gumba. Mtu aliyebeba kahawa miaka thelathini hahitaji kuambiwa uzito wa kitu.

"Hii si mvule," alisema.

"Si mvule, Hajji," Huzaifa alijibu. "Ni mkaratusi. Mvule ilipungua gogo moja, na watu walikuwa wanauliza kila siku tutamaliza lini. Nikapaka oili chafu, nikaligeuzia kichakani. Nikajiambia nitalibadilisha baadaye."

Sote tulikuwepo: kamati, wanawake, Wasabato, Benon. Zedekia, bila kugeuka, alisema yeye ndiye aliyelipasua, na alijua.

Nilitegemea Hajji angefoka, maana ana kipaji hicho. Alikirudisha kile kipande chini, akajipangusa mikono.

"Ungetwambia," alisema. "Tungengoja. Sisi tumezoea kungoja." Akaenda kuketi kivulini.

Kazi ilisimama. Magogo mengine yote tuliyafikisha juu na kuyafunika kwa turubai, lakini bila gogo la chini hakuna ukuta. Tukawa tunasali mlimani, wazi, karibu na lile rundo. Kulikuwa na watu waliosema kumbe kazi nzima ilikuwa ya uongo, na walisema kwa sauti ya kutosha Bushira asikie sokoni. Bushira alikuwa amekasirika kuliko wote. Aliniambia kwenye migomba kwamba angemsamehe upungufu wa mvule, lakini miaka miwili na nusu alikuwa akipanda ile roshani na mumewe anajua kilicho chini yake, na akija nyumbani anakula chakula vizuri kabisa. Alisema hivyo, kisha akaenda kumpikia.

Huzaifa aliteremka Mpondwe kutafuta gogo. Mpaka wa Congo ulikuwa umebanwa wakati huo, mbao nzito zilikuwa chache, na aliyekuwa na gogo la mvule la urefu ule alikuwa mtu mmoja tu, Mama Kavira, mwanamke wa kabila la Wanande wa upande wa Congo, mwenye bohari karibu na forodha. Kibanda changu kinatazamana na bohari lake, kwa hiyo niliyasikia mazungumzo yao. Alimwuliza gogo ni la nini. Huzaifa angeweza kusema ni la msikiti, akanyamaza hapo. Watu wa pale wanapenda kusaidia nyumba za ibada. Badala yake alimweleza habari yote, mpaka ile oili chafu.

Mama Kavira alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Mutu anajenga nyumba ya Mungu na muti ya bongo," alisema, na kwao bongo ni uongo. "Na bado iko na nguvu ya kuniambia."

Alikuwa na bohari lisilo na milango ya maana. Walikubaliana Huzaifa amtengenezee milango miwili mikubwa na meza ya kupokelea wateja, na gogo litakuwa lake. Kwa wiki nne nilimwona pale kila asubuhi nikifungua duka. Alitumia zile patasi za Rasim, hakuharakisha. Milango ile ilipokamilika makuli walikuwa wakiifungua na kuifunga bila sababu.

Siku ya kulipandisha lile gogo, Huzaifa alimwomba Hajji Muhamood alikague kabla halijabebwa. Hajji alikuja na kisu kidogo, akakwaruza sehemu tano, akanusa, akatia alama yake kwa penseli. Halafu mzee yule wa miaka sabini na mbili akaingia mbele kabisa, bega chini ya gogo, na hatukuthubutu kumkataza. Alipanda nalo mpaka kijitoni, hapo akampisha Benon.

Kusimamisha kulichukua siku sita. Huzaifa alisoma mikato kwa vidole, akaita magogo kwa zamu, na kuta zikapanda. Pembe mbili zilikuwa zimevimba kwa mvua, akazichonga upya. Roshani aliifanya pana kidogo kuliko mwanzo, bila kuombwa. Sasa msikiti uko juu, kutoka mlangoni unaona bonde lote mpaka Congo, na upepo unapopita chini ya sakafu, wazee huvaa makoti.

Wapo ambao bado hawajamwamini Huzaifa moja kwa moja, na yeye anajua ni akina nani, na huwatengenezea viti vyao kama vya watu wengine. Bushira ilimchukua muda. Alisali chini, kwenye safu ya mwisho nyuma ya pazia, karibu mwezi mzima baada ya msikiti kusimama. Ijumaa moja alipanda roshani. Huzaifa alikuwa nje akifagia udongo kwenye mawe, na aliyemwambia alikuwa Hajati Jamidah.

Benon amejenga nyumba ya udongo kwenye kiwanja chake, na Kellen amepanda maharage mpaka mlangoni. Madirisha hayajatiwa, Huzaifa ameahidi kuyatengeneza kabla ya mvua.

Mwezi uliopita walikuja watu watatu kutoka Kasese mjini, ambao msikiti wao wa matofali ulipasuka mto Nyamwamba ulipofurika. Walikuwa wamesikia kuna nyumba inayoweza kuukimbia mto. Huzaifa aliwazungusha, akawaonyesha pembe, mawe na roshani, na kabla hawajaanza kusifu akawapeleka upande wa kaskazini akawasimulia kosa lake, lote, huku Hajji Muhamood amesimama pembeni akisikiliza. Mmoja wao aliuliza ni kwa nini anawaambia, na yeye akasema ili wahesabu mvule yao kwanza, ndipo waanze.

Juzi nilipita kwake kuomba anitengenezee rafu ya vitenge, sikumkuta. Bushira alikuwa uani anaanua nguo. Alisema ameondoka na Zedekia asubuhi kwa pikipiki moja, wameenda Kasese kuangalia uwanja wa wale wenye msikiti uliopasuka, na kwamba nisimtegemee kabla ya Jumapili, maana kesho yake ilikuwa Ijumaa na siku inayofuata Jumamosi, na wale wawili wakiwa pamoja hawana siku za kazi.